Jiwe la Mpishi Aliyekwenda Burma

Ng'ombe wetu alijua Kiingereza kabla yangu. Baba, mkulima wa kahawa huku kwetu Kanja, alikuwa amepigana Burma katika jeshi la Mwingereza, na aliporudi hakuona sababu ya kutupa amri alizofundishwa kwa taabu. Asubuhi akimpeleka ng'ombe mtoni alimwambia, "Kwiki machi," na wakifika ukingoni, "Halti." Ng'ombe akasimama. Ukimwambia asimame kwa Kiembu alikutazama tu na kuendelea kutafuna. Siku ambazo baba hayupo, mama akitaka kumkama ilimbidi ajinyooshe kwanza, akaze sauti, aseme hayo maneno ya Wazungu, kisha aangalie kushoto na kulia asije akawa amesikika.

Aliyeogopa kusikiwa naye zaidi ni kaka yake mwenyewe. Mjomba wangu aliishi ng'ambo ya kijito, mahali ambapo mtu akikohoa unamjibu pole. Wakati wa vita vya Uhuru aliingia msituni, akakaa huko mpaka akashikwa, akawekwa kizuizini miaka ambayo hakupenda kuisimulia. Alirudi na mguu usiokunjika vizuri na chuki kubwa ya kitambaa cha kaki. Bwana mifugo alipokuja kuchanja ng'ombe akiwa na kaptura ya kaki, mjomba alimwambia ng'ombe wake hawajambo, labda wataugua akibadilisha nguo. Bwana mifugo akarudi juma lililofuata amevaa suruali yake ya kanisani, na ng'ombe wakachanjwa.

Kwa hiyo mama yangu alikuwa na mume aliyempigania Mwingereza na kaka aliyempiga Mwingereza, na wote wawili walikula kwake Krismasi. Kilichotuokoa ni desturi. Kwetu mtu na shemeji yake, ambaye humwita muthoni, hawatukanani. Ni mwiko. Basi wakajifunza kutukanana kwa heshima.

"Muthoni," mjomba angesema, akipokea nyama kwa mikono miwili, "nashukuru sana. Sijui kama mzungu wako alikupa nyama tamu hivi."

"Alinipa ya mkebe, muthoni. Na ninyi kule msituni mlikula nini?"

"Tulikula Uhuru, muthoni."

"Naona haunenepeshi."

Hapo mama aliuliza kama kuna mtu anataka supu, kwa sauti ambayo hakuna aliyethubutu kuikataa.

Mambo yangeendelea hivyo mpaka wafe, kama si Jumapili moja ambayo baba alisimama kanisani wakati wa matangazo. Nilikuwa mwalimu mpya katika shule ya msingi ya hapo hapo, Uhuru wenyewe ukiwa umeshafika umri wa kuoa. Baba hakuwa mtu wa kusimama kanisani. Aliketi nyuma, alitoa sadaka, alisinzia kwa adabu. Siku hiyo alikuwa amevaa koti la suti na kulifunga vifungo vyote.

Alisema alikwenda Burma na kijana wa kutoka mtaa huu huu. Yule kijana hakurudi. Hapa nyumbani hana kaburi, hana watoto, na wazazi wake walishakufa. "Nazeeka," baba alisema. "Nikifa mimi, hakuna atakayejua kwamba alizaliwa. Naomba kanisa liniruhusu niweke jiwe lenye jina lake hapo uani."

Watu walimtazama baba, kisha wakageuka kumtazama mwenyekiti wa kamati ya kanisa, maana ndiye aliyekuwa na neno la mwisho juu ya ua, choo na miti ya kanisa. Mwenyekiti alikuwa mjomba.

"Ombi limesikika," mjomba alisema. "Litajadiliwa."

Mama, aliyekuwa kando yangu, alifumba macho. Si kwa maombi.

Kamati ilikutana juma hilo katika chumba cha madarasa ya Jumapili, juu ya viti vya watoto, magoti ya wazee yakiwa karibu na videvu. Mimi niliitwa kwa sababu nafundisha Kiswahili, na jiwe likikubaliwa litahitaji maneno. Mchungaji wetu alikuwa kijana aliyetoka upande wa Kangeta, Kimeru chake kikituchekesha na Kiembu chetu kikimchekesha, na alikuwa na dawa moja tu ya ugomvi: watu wakianza kupandisha sauti, aliwaambia wafumbe macho waombe.

Mjomba alianza taratibu. "Muthoni, huyo kijana simchukii. Lakini alivaa nguo za nani? Alikula kiapo cha nani? Leo tukimwekea jiwe, kesho atakuja mtoto wa yule aliyetuchomea nyumba, aseme baba yake naye alikuwa askari mzuri, alikuwa tu na mwajiri mbaya."

"Huyu hakuchoma nyumba ya mtu," baba alisema. "Alikuwa mpishi."

"Mpishi wa nani?"

"Wa kikosi."

"Kikosi cha nani?"

Baba alijisogeza kwenye kile kiti cha mtoto. "Muthoni, hata wewe ukipika uji, ni uji."

"Uji wa kumshibisha nani?"

Mchungaji akaruka. "Wazee, tuombe."

Tukafumba macho. Ndipo nilipogundua kwamba dawa ya mchungaji ilikuwa na kasoro, kwa sababu mtu akiomba hakatizwi, na macho yakifumbwa shemeji hamwoni shemeji, basi mwiko unalegea.

"Ee Bwana," mjomba aliomba, "wewe ulikuwepo. Wewe unajua ni nani aliyelala kwenye baridi ya mlima na ni nani aliyelala kwenye hema la mkoloni."

"Bwana," baba alipokea, hata amina haijasemwa, "wewe ndiwe uliyeona hilo hema. Unajua lilikuwa linavuja."

"Bwana, hatukumtuma yeyote huko."

"Bwana, unakumbuka chifu alivyokuja kuchukua vijana. Unakumbuka hakutuuliza."

"Bwana, wengine walikwenda wenyewe, wakitaka viatu."

"Ni kweli, Bwana, vile viatu nilivitaka."

Mtu mmoja alicheka puani. Nilifungua jicho nikaona mchungaji amefungua yake yote mawili, na hajui amalize vipi maombi ambayo hayakuwa yake.

Kisha sauti ya baba ilibadilika. "Bwana, wewe unajua alivyokufa. Nilikuwa na homa. Nilikuwa nimelala nikilia kama mtoto, nikitaka maji. Wengine waliniambia nivumilie mpaka giza liingie. Yeye akachukua sufuria akashuka mtoni. Hakumpiga mtu. Sidhani alijua hata kushika bunduki vizuri. Alikwenda kuniletea maji, na sufuria ikarudi na mtu mwingine."

Hakuna aliyesema amina. Nilisikia mwanafunzi akipita nje akiimba jedwali la kuzidisha.

Hatimaye mjomba akaongea, bado macho yake yamefumbwa. "Bwana, mimi nina wenzangu niliowaacha mlimani. Hao pia hawana makaburi. Hao walikufia nchi hii. Nikikubali jiwe la mpishi wa mkoloni kabla ya lao, nitawaambia nini tukikutana huko kwako?"

Sidhani hata Mungu alikuwa na jibu tayari. Mchungaji alisema amina upesi kabla baba hajaanza tena. Wakakubaliana jambo moja: wamwulize jamaa wa marehemu, kama yupo. Alikuwepo. Dada yake mdogo alikuwa ameolewa Mbeere, kule chini Kiambere.

Tulikwenda Jumamosi kwa pikapu ya chama cha kahawa. Baba aliketi mbele na dereva, mjomba na mimi nyuma, kwa sababu mjomba alitaka kwenda ili kuhakikisha kwamba mama mzee haambiwi uongo. Tulitoka kwenye ukungu wetu na masweta yetu, tukateremka mpaka kwenye joto la mbuzi na ndengu. Kila tuliposhuka kidogo mjomba alivua nguo moja. Tulipoona maji ya bwawa jipya la umeme yaking'aa chini yetu, alikuwa amebaki na fulana, koti amelikunja mapajani kwa heshima.

Tulimkuta dada wa marehemu akipepeta ndengu uani kwake, mwanamke mwembamba, mkavu, macho makali. Aliongea Kimbeere cha haraka ambacho sisi wa juu tunakielewa tukikifukuzia kwa nyuma. Baba alijitambulisha, akasema yeye alikuwa rafiki wa kaka yake, na kwamba amekuja kwa ajili yake.

Bibi akaweka ungo chini. "Umemleta yule mbuzi?"

Baba akatutazama. "Mbuzi gani?"

"Kaka yangu aliuza mbuzi wa baba bila ruhusa. Baba alipojua akachukua fimbo. Kaka akakimbia mpaka kwa chifu, akakuta wanaandika watu wa vita, akajiandikisha. Wewe rafiki yake hakukuambia?"

"Aliniambia chifu alimshika kwa nguvu," baba alisema polepole.

"Chifu alimshika baba. Baba alikuwa anataka kuingia na fimbo ofisini."

Nikasikia sauti nisiyoifahamu. Mjomba alikuwa anacheka. Kwa muda wote niliomjua nilikuwa sijawahi kuona meno yake ya nyuma. Alicheka mpaka akaushika mguu wake mbovu. Baba alijaribu kukunja uso, akashindwa, naye akaanza, na wale wazee wawili wakasimama juani wakimcheka marehemu, huku bibi akiwatazama kama kuku waliokula pombe.

Walipotulia, tuliketi. Baba akamsimulia alivyokufa kaka yake: homa, sufuria, mto. Hakuongeza chumvi. Bibi alisikiliza akiokota vijiwe kwenye ndengu.

"Mlimzika?"

"Tulimzika. Nilishika sepetu mimi mwenyewe, na homa yangu. Tuliweka mti."

"Uso mliufunika?"

"Kwa blanketi langu."

Bibi akaitikia kwa kichwa, akaokota vijiwe vingine. Akavitupa kando. "Ni vizuri. Alikuwa mtu wa kusikia baridi."

Baba alimweleza juu ya jiwe. Alisema anataka liandikwe kwamba alikuwa shujaa.

"Shujaa?" bibi alisema. "Alikuwa anaogopa jogoo. Msiandike hivyo, watu wa huko wanamkumbuka, watacheka. Lakini jiwe nalitaka. Mama alikufa akiuliza atamlilia mwanawe wapi. Aliishia kumlilia kwenye zizi la mbuzi, kwa vile ndiko alikotokea."

Kisha akamgeukia mjomba. "Na wewe pia ulikuwa katika vita hivyo?"

"Hapana, mama," mjomba alisema, akijiweka sawa. "Mimi nilikuwa wa msituni."

"Vile vya kumfukuza mzungu aliyemchukua kaka yangu?"

"Ndivyo hivyo."

"Mlichelewa," bibi akasema.

Alisema bila ubaya, kama unavyomwambia mgeni kwamba chakula kimekwisha. Mjomba alifungua mdomo. Aliwahi kubishana na mkuu wa wilaya, na wachungaji watatu, na kwa miaka yote na baba yangu, wala sikuwahi kumwona akikosa la kusema. Akaufunga mdomo. Baadaye akainama akaanza kumsaidia kuokota vijiwe.

Wakati wa kurudi, tulipoanza kupanda, baridi ikamfanya avae tena koti. Ndipo alipogonga kioo cha nyuma cha pikapu, dereva akasimama akidhani kuna mtu ameanguka.

"Muthoni," mjomba alimwita baba kupitia dirishani. "Jiwe liwekwe. Lakini nina masharti."

Masharti yalitungwa pale pale kando ya barabara. La wenzake wa msituni liwekwe pia, siku hiyo hiyo, na lisiwe dogo. Lake lisimame karibu zaidi na mlango wa kanisa. Neno mfalme lisionekane. Tarumbeta isipigwe. Na baba asivae nishani.

Baba alikubali yote mpaka hapo mwisho. "Nishani nitavaa."

"Ina kichwa cha mfalme wao."

"Nilipewa mimi, si kichwa. Siku hiyo nitakuwa namzika rafiki yangu. Nataka nivae kama tulivyokuwa."

"Mimi siwezi kusimama kando ya kile kichwa nikiwakumbuka watu wangu. Siwezi, muthoni. Si kwamba sitaki."

Dereva akasema petroli inaisha. Ni mama aliyeimaliza kesi hiyo kesho yake, akimenya viazi. Aliomba aletewe nishani, akaipangusa kwa leso, akaigeuza. Upande wa nyuma palikuwa na simba amesimama juu ya joka.

"Huyu simba ni wa nani?" mama akauliza.

Mjomba aliitazama kwa muda mrefu, akiisogeza mbali na macho kisha karibu. "Simba ni simba," alikubali. "Hana chama."

Ikaamuliwa baba aivae kinyume, simba akitazama watu na mfalme akitazama kifua cha baba. "Amsikilize moyo," mjomba alisema, "ajue alichukua watu wa namna gani."

Maneno ya mawe yaliniangukia mimi. La msituni halikuwa na shida, ingawa nilitaka kuweka majina na mjomba akakataa, akisema ukimsahau mmoja umemwua mara ya pili. Liliandikwa tu kwamba ni la walioingia mlimani wasishuke. La mpishi nililiandika mara nyingi. Baba alitaka "askari." Mjomba alitaka "mpishi." Mchungaji alitaka mstari wa Biblia. Mwishowe nilikumbuka yale ya jogoo, nikaandika jina lake, la baba yake, na kisha: Alikwenda Burma. Hakurudi. Baba alikwenda kumsomea fundi wa mawe mjini Embu, na hilo ndilo kosa letu, maana hatukumpa fundi karatasi. Jiwe lilirudi limeandikwa MBURUMA, kama baba alivyotamka.

Nilitaka lirudishwe. Baba alilipapasa kwa kidole, herufi baada ya herufi. "Mburuma," alisoma. "Kwa nini lirudi? Huko ndiko tulikokuwa." Na mjomba, ambaye kwa mara ya kwanza alikuwa upande wa baba, alisema mimi elimu imenizidi.

Siku yenyewe wote wawili walikuwa wamechanganya simenti wao wenyewe tangu asubuhi. Baba alibeba mchanga wa jiwe la mjomba, mjomba akachota maji ya jiwe la baba, kila mmoja akimkosoa mwenzake kwa heshima kubwa. Bibi wa Kiambere alikuja na wajukuu na kuku mmoja aliyefungwa miguu. Watu walijaa, wengine kwa mapenzi, wengine kwa kutaka kuona kama wale wazee watapigana.

Tuliombea jiwe la msituni kwanza. Mjomba alitakiwa kuhutubia, akasimama, akataja jina la kijana mmoja, kisha lingine, halafu akashindwa akakaa chini. Baba ndiye aliyemshika mkono.

Tulipofika kwenye jiwe la mpishi, baba alivua kofia, akasimama wima kama mlingoti na kupiga saluti. Kisha akainama kuweka maua. Alipoinuka nishani ilikuwa imegeuka. Kichwa cha mfalme kiliangaza mbele ya kanisa zima, kimesuguliwa na mama mpaka kinametameta, na watu wa mbele wakavuta pumzi. Baba hakujua. Alikuwa analia.

Mjomba alikuwa kando yake. Nilimwona akikitazama kile kichwa, na kile kichwa kikimtazama. Aliunyoosha mkono pole pole, akaishika nishani kwa vidole viwili kama unavyomshika panya aliyekufa, akaigeuza. Kisha, kwa vile mkono ulikuwa umeshafika, akamfuta baba vumbi la simenti begani.

"Endelea, muthoni," alisema.

Bibi hakungoja amri ya mtu. Mchungaji alikuwa angali katikati ya baraka alipokwenda akaketi juu ya jiwe la kaka yake, simenti haijakauka sawasawa, na akamlilia kwa sauti, kwa jina, akimtukana juu ya yule mbuzi na kumsamehe hapo hapo. Hakuna aliyemwinua. Mchungaji alingoja, akabadilisha mguu, akangoja tena. Jiwe la mpishi limeinama upande mmoja mpaka leo kwa sababu hiyo.

Baadaye tulikula, na yule kuku pia. Nilimsikia mjomba akimwambia baba, mdomo umejaa, "Nimemheshimu yeye. Lile jeshi lenu sijaliheshimu, na sitaliheshimu."

"Sijakuomba, muthoni."

"Nasema tu usije ukaanza kuzoea."

"Na wale wako," baba alisema baada ya kutafuna kidogo, "nimewaheshimu wote. Hata yule aliyeniibia kahawa mwaka ule wa hali ya hatari."

"Yule hakuwa wetu."

"Alisema ni wenu."

"Kila mwizi alisema ni wetu, muthoni."

Wakaanza kubishana kuhusu yule mwizi alikuwa nani hasa, mtoto wa nyumba ipi, na alivuka kijito akipitia wapi. Walibishana mpaka watu wakaondoka, na mama akaja akawaambia kwamba yale mabenchi ni ya shule na hayatajirudisha yenyewe. Wakainuka, mmoja akashika benchi mbele na mwingine nyuma, wakaondoka nalo wakiendelea.